Roma mjini hadi melini na masanduku mawili: jibu kwa Mwalimu wa Nakuru

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nakuru. Binti yangu anayefanya kazi Ujerumani amenilipia safari ya siku saba kwa meli ya kitalii. Yeye na mumewe watapitia kwingine, tutakutana melini. Tiketi inasema meli inaondoka Roma, Jumamosi, 17:00. Mimi nafika Roma Ijumaa mchana na nitalala hoteli iliyo karibu na stesheni ya Termini. Nina masanduku mawili makubwa na goti la kushoto linalonisumbua. Kutoka hotelini hadi bandarini nipande treni, teksi au basi la kampuni ya meli? Watoto wanasema teksi, lakini nimesikia bei yake nikaketi chini."

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Nakuita hivyo kwa kuwa kwetu huku mwalimu akistaafu kazi, jina halistaafu.

Kabla ya treni na teksi, kuna neno moja kwenye tiketi yako ambalo lazima tulinyooshe, nalo ni hilo "Roma". Roma haina bandari ya meli kubwa. Meli yako itakuwa imefunga gatini Civitavecchia, ambako hutamkwa Chivitavekya, mji wa pwani ulio karibu kilomita 80 kwa barabara, kaskazini-magharibi ya Roma. Ni kama mtu akuuzie tiketi ya gari linaloondoka Nakuru, kumbe gari lenyewe limeegeshwa Naivasha. Hawajakudanganya wewe peke yako. Ndiyo desturi ya biashara hii: meli ya "Paris" huwa Le Havre, ya "London" mara nyingi huwa Southampton, ya "Florence" huwa Livorno, na ya "Berlin" hufunga Warnemünde, ambako ukishuka una saa kadhaa za barabara mbele yako kabla hujaiona Berlin. Wenzako wakikuuliza unaondokea wapi, waambie Roma, linapendeza zaidi. Lakini kwenye karatasi yako ya safari andika Civitavecchia kwa herufi kubwa.

Mimi nilikuwa mhudumu wa vyumba vya abiria kwenye meli hizo kwa miaka kumi na miwili, na sasa nimerudi Kisumu, ninasaidia watu kupanga safari. Nimeshuka na kupanda Civitavecchia mara nyingi kuliko nilivyovuka kwenda Mbita. Kwa hiyo nakujibu waziwazi: panda treni. Ila nina sharti, na sharti lenyewe ni sanduku moja kubaki Nakuru. Ukilikataa, basi watoto wako wana haki, lipa gari. Goti si tatizo kubwa katika safari hii, na umbali pia si tatizo. Kinachoamua ni ule mzigo utakaoufunga kitandani kwako wiki moja kabla.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Mkataba wangu wa pili nililala Roma kwa binamu yangu siku moja kabla ya kuripoti melini. Sanduku langu lilikuwa limefungwa na mama yangu hapa Kisumu: unga wa mahindi pakiti mbili, omena iliyokaangwa ikafungwa kwenye karatasi ya gazeti, majani ya chai ya Kericho, blanketi, na viatu ambavyo sikuwahi kuvivaa. Lilikaribia kilo 30. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mama alilifunga lile sanduku kwa mapenzi ya mtu ambaye halibebi. Sasa, barabara nyingi za zamani za Roma zimetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba, kimoja kando ya kingine, na katikati mna nafasi inayotosha kidole. Kwa macho zinavutia. Kwa gurudumu ni kama kukokota sanduku juu ya meno. Nilikuwa nimebakisha mita chache tu kufika stesheni nikasikia "tak". Nilipogeuka, gurudumu lilikuwa limekwama kati ya vijiwe viwili, na sanduku likanifuata kwa pembe moja, likisaga sakafu.

Nikaendelea kuvuta. Ndani ya Termini nikaona watu wananitazama, kisha wanatazama nyuma yangu. Pembe ya sanduku ilikuwa imetoboka, pakiti ya unga nayo ikapasuka, na nilikuwa nimechora mstari mweupe kutoka mlangoni hadi nilipokuwa nimesimama. Mwisho wa mstari ule walikuwa wanakuja polisi wawili, polepole, wakiufuata. Nilifungua sanduku pale sakafuni. Mmoja wao aliunusa unga, akaonja kwa ncha ya ulimi, akaniuliza kwa mkono: hii nini? Jaribu wewe, Mwalimu, kumweleza Mwitaliano kwamba huo si unga wa polenta, ile sima ya mahindi ya kwao, bali ni wa ugali. Treni yangu iliondoka nikiwa nimepiga magoti.

Kwa hiyo sharti langu si la ukali. Sanduku moja la magurudumu manne, lisizidi kilo 15 likiwa limejaa, na mkoba mmoja wa mgongoni. Basi. Kabla hujaondoka, lifanyie mtihani hapohapo Nakuru: lifunge kabisa, shuka nalo mjini asubuhi moja ya Jumapili kabla watu hawajajaa, utembee nalo Kenyatta Avenue kutoka mwanzo hadi mwisho bila kumpa kijana yeyote akusaidie. Kisha tafuta ngazi za ghorofa moja, ulipandishe na kulishusha mara mbili. Mahali goti litakapolalamika, hapo ndipo pa kutoa nguo. Najua majirani watashangaa. Waache.

Usiogope kwamba utakosa cha kuvaa. Nilikuwa naingia vyumba kumi na tano hadi ishirini kila siku, na nakuhakikishia nusu ya nguo ambazo abiria huja nazo hurudi makwao zikiwa na mikunjo ileile ya pasi. Kwa siku saba unahitaji nguo za mchana nne au tano, sweta au shali kwa sababu kipupwe cha melini kina baridi ya Molo, viatu vya kutembea vilivyokwisha kuzoea mguu, na gauni moja zuri la usiku wa chakula rasmi. Kitenge kizuri kinatosha kabisa, na nakuambia utapigwa picha kuliko nahodha. Pasi ya umeme, jagi la umeme la kuchemshia maji na mishumaa usibebe. Kwenye meli nyingi hukamatwa pale kwenye mashine ya ukaguzi na kurudishiwa mwenyewe siku ya mwisho. Nyama kavu na maziwa ya aina yoyote pia acha, sheria za Ulaya haziruhusu msafiri kutoka kwetu kuingia navyo. Chumba chenyewe ni kidogo, na sanduku tupu huingia chini ya kitanda. Nimeona watu wakilala na sanduku la pili katikati ya chumba kama mgeni asiyetaka kuondoka, wakiliruka kila wanapoenda msalani.

Ule mkoba wa mgongoni ndio muhimu kuliko sanduku. Ndani yake weka pasipoti, tiketi ya meli iliyochapishwa kwenye karatasi, dawa zako zote, miwani, chaja ya simu na nguo moja ya kubadilisha. Sababu ni hii: ukifika bandarini, wapagazi watalichukua sanduku lako nje ya jengo kabla hata hujaingia, nawe huenda usilione tena hadi jioni, likiwa limesimamishwa mbele ya mlango wa chumba chako. Nimewahi kumpokea abiria aliyekuwa amekalishwa kando kwa saa mbili, uso umemwiva, kwa sababu pasipoti yake ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa limekwisha kuingia tumboni mwa meli pamoja na mengine elfu kadhaa. Hakuna anayepanda bila pasipoti, na hakuna anayeweza kulipata sanduku moja kati ya hayo kwa haraka.

Kabla sijasahau viza. Hukuniambia meli inapita wapi, nami sitaki uone hili ukiwa njiani. Viza ya Schengen huwa ya kuingia mara moja, mbili, au nyingi. Meli ikikaa kwenye nchi za Schengen peke yake, yaani Italia, Ufaransa, Uhispania, Ugiriki, Malta na nyingine za kundi hilo, viza ya kuingia mara moja inatosha. Lakini ikigusa Tunisia, Uturuki au Uingereza kisha irudi Italia, utakuwa umetoka Schengen na unaomba kuingia tena. Ukiwa na viza ya mara moja, watakuzuia hapohapo mezani Civitavecchia, kabla hata ya kupanda. Mwambie binti yako akutumie orodha ya bandari zote, uipeleke pamoja na maombi ya viza, uombe ya kuingia mara nyingi. Hilo ndilo jambo ambalo pesa haitalirekebisha Jumamosi asubuhi.

Haya, twende Ijumaa. Ukishuka uwanja wa Fiumicino, fuata alama za treni, upande ile iitwayo Leonardo Express. Inakwenda moja kwa moja hadi Termini bila kusimama, dakika 32, nauli yuro 14. Inafika pale karibu na hoteli yako. Usihangaike na nyingine za bei rahisi siku hiyo; umetoka Nakuru usiku, umepita Nairobi, umelala umekaa. Yuro chache za Ijumaa ni za goti.

Ukishapumzika, jioni ya Ijumaa fanya kitu ambacho wasafiri wengi hawafanyi. Rudi Termini mikono mitupu. Ikague njia bila mzigo. Nunua tiketi yako ya Civitavecchia kabisa, treni ya kawaida ya mkoa, daraja la pili, yuro 5 hivi, usimwage pesa kwa treni ya mwendo wa kasi kwa ajili ya kuokoa dakika chache. Kisha tembea hadi majukwaa ambako treni hizo huondokea. Hapa ndipo wageni wengi hushikwa. Ukiingia Termini utaona majukwaa yamejipanga mbele yako vizuri, namba moja hadi ishirini na kitu, ukadhani ni hapo. Treni za Civitavecchia mara nyingi huondokea namba 25 na kuendelea, na hayo hayako pale na wenzake. Yako mbele zaidi, mita mia kadhaa ukifuata kando ya jukwaa la 24. Kwa mtu asiye na mzigo ni matembezi. Kwa mtu mwenye goti na dakika nne, ni msiba. Ukishaipima njia kwa miguu yako Ijumaa, Jumamosi utajua uondoke hotelini saa ngapi.

Kwenye mashine za tiketi kutakuwa na kijana au mama mwenye tabasamu atakayekuja kukusaidia kubonyeza. Hakuna mfanyakazi wa stesheni anayefanya kazi hiyo kwa kukurukia. Atakusaidia, kisha atataka yuro tano, au mwenzake atakuwa ameshughulika na kibeti chako. Unawajua makanga wa stejini Nakuru wanaokunyang'anya begi wakikuambia "mathe, gari ni hili"? Ndio haohao, wamebadilisha lugha tu. Sema "no, grazie" kwa sauti yako ya darasani na uendelee na shughuli yako. Na yeyote atakayekushika ndani ya stesheni akinong'ona "taxi, taxi", huyo si teksi. Teksi halali za Roma ni nyeupe, zina alama ya taxi juu ya paa na mita ndani, nazo husubiri kwenye foleni yao nje. Dereva wa teksi halali hamfuati mtu ndani ya stesheni.

Jumamosi. Meli inaondoka 17:00, yaani saa kumi na moja jioni. Naomba radhi kumkumbusha mwalimu jambo hili, lakini nimeona watu wazima wasomi wakikosea wakiwa wamechoka: ubao wa stesheni ukisema 09:00 ni saa tatu asubuhi. Kuna Mkenya mwenzetu aliyeona 09:00 akastarehe kwa chai hadi saa nane mchana, akijua treni ni saa tisa. Saa yako ya mkononi nayo ipunguze ukifika. Italia iko nyuma ya Kenya kwa saa moja majira ya joto, saa mbili majira ya baridi. Simu itajirekebisha yenyewe, lakini saa ya mkono haina habari.

Meli hizi hufunga mlango wa abiria kati ya dakika 60 na 90 kabla ya kung'oa nanga, kwa hiyo ile 17:00 kwako wewe ni saa tisa u nusu. Sasa toa muda wa treni, muda wa bandarini, na muda wa jambo usilolijua. Mimi ningekuwa Termini saa nne asubuhi. Kwenye ubao mkubwa usitafute neno Civitavecchia peke yake, kwa sababu ubao huandika mwisho wa safari ya treni. Treni nyingi zinazokushusha Civitavecchia zimeandikwa Pisa au Grosseto, kama gari la Eldoret linavyokushusha Nakuru. Tafuta treni yenye Civitavecchia kwenye orodha ya vituo vidogo chini ya jina kubwa, kisha angalia neno "binario". Hilo ndilo jukwaa, na namba yake inaweza kubadilika dakika kumi kabla. Usikae ukaota.

Kabla ya kupanda, tiketi yako ya karatasi iingize kwenye kimashine kidogo kilicho mwanzoni mwa jukwaa, kikuchapie tarehe na saa. Tiketi isiyogongwa, hata kama umeilipia, mkaguzi ataihesabu kama hukulipa, na faini yake inazidi nauli mara nyingi. Hawasikilizi "mimi mgeni". Nimejaribu.

Ndani ya treni hakuna namba za viti. Panda behewa lolote, ukae karibu na mlango, sanduku liwe mbele ya magoti yako ulione. Baadhi ya mabehewa yana ghorofa, usipande juu. Safari ni saa moja na dakika kumi hivi, pengine zaidi kidogo. Treni itapita Ostiense, Trastevere na San Pietro, na hapo kwenye San Pietro, ukiwa na bahati, utaona kuba la kanisa la Mtakatifu Petro likichungulia kati ya nyumba. Chagua kiti cha upande wa kushoto. Ukikaribia Santa Severa na Santa Marinella bahari itatokea kwa ghafla upande huo, karibu na reli kiasi kwamba unaona watu wamelala mchangani na taulo zao. Nakuambia, hata baada ya miaka kumi na miwili nilikuwa naacha simu hapo.

Ukishuka Civitavecchia usidhani umefika. Sehemu inayowatoa watu jasho si treni, ni zile kilomita mbili tatu za mwisho. Stesheni iko mjini, bandari iko mjini, na kwenye ramani vinaonekana vinashikana. Lakini bandari ile ni ya kale na ndefu, ilianzishwa na Kaisari Trajan mwanzoni mwa karne ya 2, ikaongezwa kila zama, na meli za kitalii siku hizi hufunga mbali kwenye ukuta mrefu unaoingia baharini. Kutoka mjini utaiona meli yako, nyeupe, ndefu kuliko mtaa, uone kama ni hapo tu. Si hapo. Na huruhusiwi kukatiza ndani ya bandari kwa miguu ukiwa na sanduku kati ya malori.

Mahali unapopahitaji panaitwa Largo della Pace. Ni kituo cha abiria nje ya gati, na hapo ndipo mabasi ya bure ya bandari hukuchukua hadi ubavuni mwa meli, kila meli na basi lake. Kati ya stesheni na Largo della Pace kuna basi la mji linalosimama nje ya stesheni. Tiketi yake huuzwa ndani, kwenye kibanda cha magazeti au duka la sigara, kwa yuro chache. Vijana hutembea kwa miguu, hutoka stesheni wakafuata barabara ya pwani kulia, dakika ishirini hivi. Wewe usitembee. Panda basi, au ukiona foleni ni ndefu, chukua teksi pale nje na mkubaliane bei kabla mlango haujafungwa, kwa sababu madereva wa pale wanajua kwamba kila mwenye sanduku ana meli inayomsubiri.

Ukishashuka basi la bandari utawaona wapagazi wakiwa na matoroli yao. Hakikisha sanduku lina lebo yenye jina lako, jina la meli na namba ya chumba. Lebo hizo hutumwa kwa barua pepe, unazichapisha nyumbani. Zipeleke duka la uchapishaji hapo Nakuru, uzifunike kwa selotepu pana pande zote mbili, uzipige stepla kwenye mkono wa sanduku, mbili si moja. Karatasi tupu hulowa na kuchanika. Lile sanduku lisilo na lebo hupelekwa chumba cha mizigo iliyopotea, na usiku wa kwanza nilikuwa nikitumwa huko na abiria mmoja baada ya mwingine kutambua la kwao kati ya masanduku meusi thelathini yanayofanana kama ndugu. Kwa hiyo funga kitambaa cha rangi kwenye lako. Kipande cha leso kinatosha.

Sasa nikujibu na hayo mengine mawili, maana uliuliza. Basi la kampuni ya meli ni zuri na halina wasiwasi, na likichelewa barabarani kampuni yenyewe inajua abiria wake wako wapi. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida huchukua watu uwanja wa ndege, si hotelini kwako, nawe utakuwa umekwisha kulala mjini. Ungefika Jumamosi yenyewe asubuhi ningekuambia ulichukue bila kufikiria. Ila kusafiri kwa ndege siku ileile ya meli, kutoka Kenya, mimi simshauri mtu. Binti yako alifanya vizuri kukupa usiku mmoja.

Teksi au gari la kukodi kutoka Termini hadi melini mara nyingi hupita yuro 120. Ni pesa nyingi kwa mtu mmoja. Kwa watu wanne wenye masanduku manne ni bei ya kawaida tu, kwa hiyo ukikutana na wenzako hotelini asubuhi wakiwa na lebo za meli yenu kwenye mizigo, waulize. Watu wa meli hujuana kwa lebo. Na kuna siku moja ambayo nitakuambia uichukue hata ukiwa peke yako, nayo ni siku ya mgomo. Italia hugoma kwa ratiba. Mgomo wa treni hutangazwa mapema, tarehe na saa, na neno la kutafuta ni "sciopero". Sheria yao inalazimu treni za mikoa kuendelea saa za msongamano siku za kazi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, lakini saa hizo hazikufai wewe wa Jumamosi adhuhuri. Mwambie binti yako atafute neno hilo na tarehe zako siku kumi kabla, na tena Alhamisi. Ijumaa pia aiangalie, maana migomo mingi huipenda Ijumaa, na Leonardo Express nayo huguswa. Akiliona, aagize gari la pamoja kabla watu wengine elfu mbili wa meli hiyohiyo hawajaagiza.

Goti lako nimelifikiria. Kila ngazi utakayokutana nayo itakuwa Termini ukikosa lifti, kwenye mlango wa behewa, na Civitavecchia ukishukia jukwaa la kati na kulazimika kupita chini ya reli. Kote huko, sanduku moja jepesi, mkono mmoja kwenye ukuta, utafika. Masanduku mawili hayaachi mkono wa ukuta. Bandarini, kama miguu imegoma, mwambie mfanyakazi wa kwanza mwenye sare kwamba unahitaji kiti cha magurudumu, hata cha kuvukia tu foleni ya ukaguzi. Hulipi na haikuhitaji barua ya daktari. Akina mama wa kwetu huona haya kukiomba, halafu wanasimama saa nzima.

La kurudi ni fupi. Usiku wa mwisho watakuambia uliweke sanduku nje ya mlango wa chumba kabla ya usiku wa manane, nalo utalikuta chini bandarini asubuhi. Bakisha nguo za kuvaa asubuhi, na viatu. Kila safari, katika miaka yote kumi na miwili, kulikuwa na mmoja aliyefunga kila kitu akalala kwa amani. Wa mwisho niliyemsindikiza ngazini alikuwa mzee mmoja mpole, koti refu limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, suruali ya kulalia inachungulia chini, na miguuni ana zile ndara nyeupe za chumba zenye jina la meli.